Kikao Kilichokosa Chai

Kiwandani walimwita Mama Rola, kwa sababu rola za mtambo mkubwa wa kuchapa zilikuwa chini yake na hakuna aliyezigusa bila ruhusa. Alikuwa fundi mkuu. Mafundi wanaume aliowasimamia walimheshimu sana, hasa mtambo ukigoma. Wateja nao walimheshimu, wakishamaliza kumtafuta. Mtu aliingia na kazi yake ya kalenda, akamkuta ndani ya ovaroli, wino umempanda hadi viwikoni, akasema, "Dada, niitie fundi."

"Ndiye mimi."

"Hapana, fundi mwenyewe. Yule wa mtambo."

Mama Rola hakubishana. Alimwita msaidizi wake, msaidizi akasikiliza maelezo yote kwa uso wa kazi, kisha akamgeukia: "Mkuu, anataka hivi na hivi." Mteja aliondoka ameridhika.

Kila Jumatatu wakuu wa idara walikutana ofisini kwa meneja, ghorofani: wanaume watano, meneja akiwemo, na Mama Rola. Mezani palikuwa na chupa ya chai, vikombe na biskuti. Meneja alikuwa mtu mpole, hajawahi kumpandishia mtu sauti, na alifungua kikao kwa maneno yale yale: "Haya jamani, tuanze. Mama, tufanyie mambo." Mama Rola alisimama akamimina. Nusu ya kwanza ya kila kikao aliisikia akiwa amewapa mgongo.

Wiki moja alieleza, kikombe mkononi, kwamba mtambo unahitaji kuzimwa ufanyiwe matengenezo. Wenzake wakachukua biskuti. Baadaye kidogo mkuu wa mauzo akasema hilo hilo, na meneja akapiga meza: "Hayo ndiyo mawazo!"

Jumatatu iliyofuata meneja alisema, "Mama, tufanyie mambo."

"Leo nami nasikiliza," akajibu Mama Rola, akabaki kitini.

Hakuwa amepanga. Maneno yalimtoka tu, na yakishatoka akaona hana sababu ya kuyarudisha. Wanaume watano waliitazama chupa kama kitu kilichookotwa na polisi. Mkuu wa stoo alinyoosha mkono, akaurudisha. Kikao kilikwenda kikavu mpaka mwisho.

Mchana meneja alishuka hadi kwenye mtambo. "Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Nyumbani kuna amani?"

"Ipo tele."

Meneja akatikisa kichwa kwa huruma, akapanda ngazi, akampigia simu mume wa Mama Rola.

Mume alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa subira zake. Jioni alimsubiri mkewe avue viatu. "Bosi wako kanipigia. Anasema umebadilika."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwomba radhi. Nikasema tutalizungumza."

"Radhi ya nini?"

"Sijui. Ila sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia."

Hapo ndipo damu ilipomchemka. "Mtambo ukiharibika ananipigia mimi, hata nikiwa nimelala. Chai ikikosekana anakupigia wewe!"

Kwa mwalimu wa hesabu, hesabu hiyo haikuwa ngumu.

Habari haikukaa. Wifi yake alifika Jumamosi, akakaa kochini na mkoba mapajani. "Wifi, chai tu! Mkono utakatika?"

"Kama haukatiki, mbona wao hawamimini?"

"Wewe nawe! Wale wanaume, si watamwaga?"

Jumatatu asubuhi Mama Rola alipiga moyo konde, akaingia kwa meneja na kumweleza yote: chai, mawazo yake kupewa mwingine, na simu aliyopigiwa mumewe. Meneja alishtuka kwa dhati. Alisema yeye anawaheshimu wanawake mno. Hata mama yake mzazi alikuwa mwanamke. Papo hapo akaunda kamati ya kulitazama suala hilo. Wajumbe walikuwa wale wanaume wengine wanne.

Kamati ililitazama kwa upana wake, ikaamua iandaliwe Siku ya Heshima kwa Mwanamke. Mabango yalichapwa na Mama Rola. Wanawake wote wa kiwandani waliombwa kuwahi siku hiyo, ili kupanga viti na kuandaa vitafunio.

Siku ilifika. Alizungumza meneja, akazungumza mkuu wa mauzo, kisha mgeni rasmi, bwana mmoja mwenye suti nzito, akasifu uvumilivu wa mwanamke mpaka watu wakaanza kuvumilia. Mwisho Mama Rola aliitwa mbele kupokea zawadi. Akaifungua: chupa ya chai, kubwa, mpya. Makofi.

"Neno moja tu, Mama," alisema meneja akimpa maikrofoni. "Muda umetubana."

"Nashukuru," alisema Mama Rola. "Chupa ni nzuri. Sasa meneja, nina kiu. Nimiminie."

Ukumbi ulicheka. Kisha ukaona hatanii. Meneja alikwenda kwenye meza ya vitafunio kama mtu anayekwenda kupasuliwa. Alimimina, nyingine ikaenda kwenye kisosi, nyingine kwenye kitambaa, akarudi na kikombe kwa mikono miwili. Vigelegele vilipasua dari. Mkuu wa mauzo alifuta machozi.

Kesho yake picha ilibandikwa mlangoni: meneja katikati na kikombe, na pembeni mkono wa ovaroli. Chini waliandika, "Kiongozi Anayetumikia." Haukupita muda, makampuni mengine yakaanza kumwalika meneja akawafundishe habari za usawa. Inasemekana husimulia vizuri, na katika masimulizi hayo wazo la kumimina lilimjia yeye mwenyewe.

Jumatatu siku hizi kila mtu anajimiminia, isipokuwa mkuu wa stoo, ambaye amegundua anaipenda kazi hiyo na hataki mtu aishike chupa.

Jioni ya siku ile ya sherehe, mume alimpokea mkewe mlangoni. "Ile radhi," alisema, "sikupaswa kuiomba. Haikuwa yangu."

"Haikuwa ya mtu yeyote," akasema Mama Rola, akaketi, akamsimulia habari za ukumbini hadi wote wawili wakashika mbavu.

"Na chai yenyewe ilikuwaje?"

"Baridi. Na sukari alisahau."

"Ukaiacha?"

"Niiache? Niliimaliza yote, polepole, huku amesimama anasubiri kikombe."