Joto la Kalenga, Saa Saba Mchana

Kama una kawaida ya kucheka mambo haya, cheka sasa umalize. Mimi ni fundi wa vipimo, mkazi wa Soweto, Mbeya, si mganga, na haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe.

Kazi yangu ni kukadiria joto: ardhi inachukua kiasi gani kutoka kwenye jua, na inairudishia hewa kiasi gani. Tunasimamisha mlingoti wenye vipimo, na chini tunafukia kisahani cha chuma kinachopima joto linalopita, kina cha kidole. Mchana joto hushuka ardhini, jua likizama hupanda. Shamba la Kalenga, huko Iringa, lilikuwa la mwisho, na mkataba wangu ulikuwa unaisha wiki ileile. Nikichelewesha takwimu, kibarua kinaota nyasi.

Mwenye shamba, Mama Neema, akanisihi. "Subiri kwanza, baba. Humu tumelaza wazee wetu waliotangulia. Nikalete ulanzi tuwamwagie, tuwaambie kuna mgeni anataka kuchimba."

Ulanzi ni pombe ya mianzi, na kwenda kuufuata ni mwendo. Alipopotea tu machoni, nikachagua mahali palipoinuka kidogo, nikafukia kisahani. Aliporudi akauliza kama nimeshachimba.

"Bado, mama," nikamwambia.

Akamwaga ulanzi wake, akawaambia wazee kuwa mgeni bado hajachimba, akaenda zake ameridhika. Niliona aibu, lakini haba.

Saa saba, jua la utosi, kompyuta ikaonyesha joto linapanda kutoka ardhini. Nikadhani nimegeuza nyaya. Nikazikagua, ziko sawa. Sasa ardhi ilikuwa inalitoa wapi joto hilo?

Nilipoinua kichwa, bibi mmoja amesimama kando ya mlingoti, kajifunga kitenge kifuani.

"Kamwene," akanisalimu Kihehe. Nikaitikia.

"Mjukuu, mbona unanipima homa hata hodi hujapiga?"

Akanipa mkono. Mkono wa bibi utaukataaje? Niamini, haukuwa wa moto wala wa baridi. Ulikuwa na joto la udongo, basi. Niliogopa, sifichi. Nikapiga magoti nikafukua kile kisahani kwa vidole, na nilipotazama juu sikumwona mtu.

Kwenye ripoti niliandika "hitilafu ya kifaa", na mkataba ukaongezwa. Lakini kiganja changu cha kulia, nilichomshikia bibi, hakikurudia joto lake. Nina kipima joto cha kulenga, kama kile walichotulenga nacho kwenye paji la uso wakati wa korona. Kiganja cha kushoto kina joto la mtu. Cha kulia kina joto la udongo niliosimama juu yake: Usangu mchana kinaniunguza, Mbeya alfajiri ya Juni vidole havikunjiki. Hospitali wamepima damu mpaka wamechoka.

Nilirudi kwa Mama Neema nikakiri. "Kumbe ulinifanya niwadanganye wazee wangu," akasema, akaingia ndani. Nilistahili.

Nawe unayezunguka na vifaa kwenye ardhi za watu, ukiambiwa subiri, subiri. Mwanangu ana miezi mitatu. Nikimshika kwa mkono huu, hulia mpaka mama yake aje amchukue.