Sauti ya Babu Mbele ya Wenyeji Wake

Mwili wa baba ulikuwa mochari na kaburi lake halijachimbwa. Majirani zetu wa kule ziwani, mbele kidogo ya Bondo, walikuwa wamewafukuza wachimba kaburi kwa mapanga. Walisema sisi ni jodak, watu waliokaribishwa tu, na mgeni hazikwi kama mwenye ardhi. Chifu akatutaka tulete ushahidi kwamba ardhi ni yetu.

Ndiyo sababu nilikwenda kwenye chumba cha kumbukumbu za kale, Kisumu. Tangu utotoni nilisikia kwamba watafiti walipita kwetu wakirekodi wazee, kujua nani alifika kwanza ufukweni, na kwamba babu alihojiwa. Nilijua atatuokoa. Babu hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Hata kanisani alimsahihisha mhubiri.

"Kanda iko, Mzee," mama mhifadhi aliniambia. "Unyevu wa ziwa umeikula kidogo, lakini sauti inasikika."

Nilisikiliza huku nikifuta machozi. Mtafiti aliuliza ni nani aliyewapa ardhi. Mtu mwingine akakohoa, karibu kabisa. Kisha babu akasema, "Tulikuja na njaa. Wenyewe walitupokea."

"Ni kweli," akasema aliyekohoa.

Nilimkasirikia babu wee! Nikarudia kusikiliza, nikasikia vikombe, nikasikia akishukuru kwa chai, na hapo ndipo nilipoelewa. Mtafiti, kwa kutaka urahisi, aliwakusanya wazee wote kwenye boma la mkubwa wa wale majirani, bila shaka yule aliyekohoa. Kwetu huwezi kunywa chai ya mtu nyumbani kwake, kisha umwambie mbele ya mgeni kwamba ardhi si yake. Lakini pia huenda babu alisema ukweli mtupu. Siwezi kujua, na hilo linaniuma hadi leo.

"Mama, hii usipee mtu mwingine," nilimsihi.

"Hii ni ya kila mtu, Mzee. Hata hao jirani zenu walibeba kopi juzi."

Mbele ya chifu, majirani waliicheza kwenye simu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za chai na kile kikohozi. Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa ameketi kando yangu. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu amzike babu. Babu alipoanza tu kusalimia, kabla hata ya kuulizwa swali, shangazi aliruka juu akilia.

"Ni baba! Uwi, huyo ni baba yangu!"

Chifu akaitikia kwa kichwa, akasema familia yenyewe imeitambua sauti, basi maneno ya mzee ndiyo ushahidi. Niliongea sana baada ya hapo, lakini hakuna aliyenisikiliza.

Baba tulimzika kwenye makaburi ya mji, katikati ya watu tusiowajua. Wakati udongo unarudishwa nilimwona shangazi amesimama pembeni, simu sikioni, anamsikiliza babu. Majirani ndio waliomtumia.