Kibendera cha Baba Mkwe

Sheria za mpira nilizikariri enzi za Mwingereza, nikiwa kijana wa kijiji cha Mulanda mwenye firimbi mpya na kichwa kikubwa. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza ofsaidi, ningekujibu. Kumbe kujua ni jambo moja na kupuliza ni jingine kabisa, jamani! Aliyenifundisha hilo ni mzee mmoja wa Busia, na kila nikimkumbuka nasema asante, mzee wangu.

Mechi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa Tororo na Busia. Nafika uwanjani, namkuta mshika kibendera ni yeye, na mimi namposa binti yake! Hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Nilimpenda yule msichana mpaka chakula hakipiti kooni. Na kwetu baba mkwe hazoewi: unainamisha macho, unampisha njia, na mkono humnyooshei kamwe.

Tulikwenda salama, bila bila, mpaka karibu na mwisho. Ndipo beki wa Busia akataka kumrudishia kipa wake mpira, ukaenda moja kwa moja miguuni mwa mshambuliaji wa Tororo aliyebaki peke yake mbele. Akafunga. Nageuka, kibendera cha mzee kiko juu. Ofsaidi!

Lo! Mzee alizibwa na migongo ya watu, hakuona nani kaupiga. Mimi niliona, na mpira ukitoka kwa adui mwenyewe hakuna ofsaidi. Busia wanashangilia, Tororo wananitukania mama. Nikamfikiria yule msichana. Halafu nikanyoosha mkono mbele ya umma wote, nikamwashiria baba mkwe ashushe. Goli.

Akashusha. Angeweza kukigandisha juu nikaaibika, lakini hakufanya hivyo. Namshukuru sana kwa hilo.

Mechi ilipokwisha nilijua mke nimeshamkosa. Nikasimama kando ya lori la Busia nikitazama viatu vyangu. Mzee akaja, anakunja kibendera.

"Wewe kijana, ile ilikuwa ofsaidi. Mpaka nakufa, nasema ofsaidi."

"Ndiyo, baba."

"Ala! Ndiyo baba gani? Kule uwanjani hukusema ndiyo baba."

Mzee akapanda lori, akakaa, akaniinamia kutoka juu.

"Jumamosi lete wazee wako."