Fundi Saa na Herufi za Ukutani

Wateja waliapa kwamba fundi saa ana macho ya mwewe. Kumbe mwaka mzima masikio ndiyo yaliyokuwa yameshika zamu: anaibana saa sikioni, anasikiliza, vidole vinamalizia. Ila juzi skrubu ilimdondoka, akaipapasa sakafuni mpaka mteja akamwokotea.

Mkewe, mpishi wa shule, alikuwa na bima ya kazini iliyomhudumia yeye na mumewe. Ndiye aliyemkokota hadi kliniki ya macho, akabaki kwenye benchi la nje, kijitabu cha bima mapajani.

Fundi hakukawia kutoka, uso umemnawiri. Eti kasoma herufi zote, mpaka mstari wa chini.

Mkewe akamtazama. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, na tangu wafike walikuwa wamewasikia watu wanne wakisoma herufi zilezile. Mtu anayejua saa kwa mlio wake ashindwe kukariri mistari mitano?

Akampa kijitabu. "Hebu nisomee hapa."

Fundi akakisogeza mbali, akakileta karibu, akalaumu mwanga.

"Jua lote hili, baba watoto?"

Fundi akamrudishia kijitabu. Halafu, taratibu, akamweleza. Yeye mwenyewe mteja akileta saa yenye ufa kwenye kioo, hampi dhamana. Sasa watu wa bima wakigundua kioo chake kilishapasuka zamani, si watamfuta kwenye kadi ya bima? Pengine wamfute na mwenye kadi.

Kicheko kilimfika mkewe kooni, akakimeza. Akamsomea, kidole kikifuata mstari: bima inalipia kipimo kimoja kwa mwaka. Inalipia lenzi, mradi daktari aziandike. Inalipia fremu ya kawaida. Anayetaka ya madoido anajiongezea mwenyewe. Hapakuwa na mstari wa kumfukuza mwenye macho mabovu.

"Ukimwambia unaona, ataandika unaona, na kipimo cha mwaka huu ndiyo basi tena. Ameshagonga muhuri?"

"Nimemwacha anautafuta."

"Basi wahi kabla hajaupata."

Akarudi ndani. Mkewe akamsikia daktari akibadilisha ubao, kisha sauti ya mumewe, ndogo kuliko alivyoizoea: "Hiyo ya juu naiona. Zilizobaki sizioni, daktari."

Wiki mbili baadaye, miwani puani, saa ya kwanza aliyoifungua mezani kwake ilikuwa ya mkewe, ile aliyoitengeneza kwa masikio. Ndani ilijaa mikwaruzo ya koleo lake mwenyewe.

"Hii ilikuwa inachelewa," akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Inachelewa kidogo tu," mkewe akajibu, akikunja kanga yake. "Nilikuwa natoka nyumbani mapema."

Fundi akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Akaivaa tena, akaanza kuitengeneza saa upya.