Maji ya Kumwagia Njia ya Wageni

Kwenye kitabu chetu cha Jiografia, sura ya utalii, kaskazini wamepewa tembo, twiga na mlima wenye theluji. Sisi wa kusini tumepewa sentensi moja: kuna fursa. Fursa hiyo nimeisoma tangu shule ya msingi. Sasa niko kidato cha tatu na bado haijashuka kwenye basi.

Mwaka huu, msimu wa korosho, tukatangaziwa kwamba wageni wa utalii wanakuja Newala kuona ukingo wa uwanda wa juu, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likalala chini yako. Kila mwanafunzi aje na dumu la maji. Mtaani kwetu bomba lilikuwa linakohoa hewa wiki ya pili. Mama alikuwa na dumu moja tu, alilopanda nalo kichwani kutoka kisima cha bondeni. Nikamwambia nitajifanya naumwa tumbo. Akakataa. Alisema Arusha nao walianza hivihivi. Wageni wakizoea kuja, mabomba yatafuata.

"Peleka, baba. Usituaibishe."

Nikajua ni ya kunywa. Wapi! Mwalimu wa zamu alitupanga mstari, akatuamuru tuyamwage njiani ili vumbi lisichafue viatu vya wageni. Nikamwaga maji ya mama yangu kwenye mchanga mwekundu. Yalinywewa hata sijainua dumu.

Wageni wakaja, wakapiga picha, wakarusha kile kidude kinachovuma angani kama nyuki. Mkubwa wao akasema mandhari haya yanaishinda hata kaskazini, ila tatizo ni wananchi wa huku, hawana mwamko. Tumesimama mbele yake na madumu matupu, anasema hivyo. Kisha wakala mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakawachuruzika hadi kwenye viwiko, na mkubwa akaomba maji ya kunawa. Mkuu wa shule akatugeukia sisi.

"Shikamoo, mheshimiwa," nikasema. "Umeyakanyaga."

Wenzangu wakacheka, wamezoea utani wangu. Siku hiyo sikuwa natania.

Adhabu: madumu mawili kutoka bondeni, nijaze pipa la walimu. Nilishuka, nikapanda, matusi yote ya Kimakonde ninayoyajua yakiniisha mdomoni. Kwenye njia panda, shule iko kulia. Nikakata kushoto, nyumbani. Kesho watanichapa, na wanichape.

Mama akanitua madumu, akauliza wageni wamesemaje.

Nikamwambia wamesema hatuna mwamko.

Akadhani namtania.