Swali la Daktari kwa Mama Mkwe

Kwetu Musanda, miaka ile ya tisini, mwanamume hamkaribii mama mkwe. Ukimwona njiani unachepuka kwenye miwa apite. Hamli pamoja, hamshikani mkono, na mambo ya mwili wake, ala, hata kuyawaza ni aibu. Mimi ndiye niliyekuwa mkali wa desturi hiyo kuliko wazee wenyewe. Mdogo wangu nilimgombeza kwa kutaniana tu na mama mkwe wake.

Mama mkwe wangu alikuwa ametibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Jina hilo lenyewe nimeweza kulitamka juzi juzi tu. Alichomwa mionzi Nairobi, akarudi, na kila miezi mitatu alipaswa kuonwa na daktari Kakamega mjini, ijulikane mapema kama ugonjwa umerudi. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimpeleka. Safari hiyo mke wangu alikuwa amejifungua juzi yake, na ndugu zake wote wako mbali. Nikaenda mimi, na tuliposhuka kwenye matatu nikatembea mbele yake hatua nyingi hadi kliniki.

Daktari alikuwa kijana wa pwani, mpole. Kiluhya hakujua, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha kununulia chumvi. Nesi aliyezoea kuwatafsiria wanawake alikuwa likizo. Basi daktari akanigeukia mimi.

"Muulize mama, tangu aje mara ya mwisho ameona damu yoyote?"

Jamani! Nilikuwa nimempa mama mgongo, naangalia ukuta, masikio yanawaka moto. Neno hilo ningelitoaje mbele ya mama aliyemzaa mke wangu? Nikasema kwa Kiluhya, "Mama, daktari anauliza kama uko salama."

"Mwambie niko salama, baba."

"Hajaona damu," nikamwambia daktari.

Akataka kumpima. Hilo nalo nikalikataa bila hata kumuuliza mwenyewe, eti amechoka na safari. Daktari akaandika kwenye faili, akasema kama hakuna damu, basi arudi baada ya miezi mitatu.

Haikufika. Mke wangu alienda kwao kuonyesha mtoto, akakuta vitambaa vyenye madoa vimeanikwa nyuma ya choo. Mama alikuwa akitokwa damu tangu kabla ya safari yetu. Alimpeleka kliniki mbio, akapimwa, wakarudi na dawa za maumivu tu. Ugonjwa ulikuwa umeenea.

Jioni hiyo nilisimama nje ya nyumba ya mama, maana mkwe haingii. Nikamsikia mke wangu akilia ndani.

"Mama, kwa nini ile siku hukumwambia daktari?"

"Hakuniuliza."

"Daktari gani huyo! Hata swali hajui kuuliza!"

Mpaka leo anamlaani yule kijana wa watu, na mpaka leo mimi nanyamaza. Jioni ile mama ndiye aliyesema, sauti imeshachoka. Alitaka kujua kama mkwe wake hapo nje amepewa chai.