Jina Lilikuwepo

Mwalimu Marselina alifundisha hisabati katika shule ya msingi ya kijiji cha Tindiga kwa miaka kumi na tisa. Alipostaafu akahamia Mikumi, watu wa jumuiya yake walizoea kumtaja kama mwalimu aliyewatoa wasichana wengi kimasomo. Akisikia hivyo huinamisha uso, nao hudhani ni unyenyekevu.

Alikuwa akimfikiria Devotha.

Baba yake Devotha, mzee Bundala, alikuwa Msukuma aliyehamia Tindiga na mifugo yake. Kila msimu alimlimia mwalimu majaruba ya mpunga kwa maksai wake, bila kudai chochote. Mwaka 2011, Devotha alipofanya mtihani wa darasa la saba, mzee alikuja kwa mwalimu, akakaa, akanywa chai yake taratibu.

"Mwalimu, huyu binti nimeshampatia mtu," alisema. "Ng'ombe tumekubaliana. Sasa majina ya sekondari yakija na lake likiwemo, nitaaibika."

Mwalimu hakukubali wala hakukataa. Alimwongezea chai.

Majina yalikuja Desemba. Mwalimu mkuu alikuwa likizo, hivyo orodha ilifikia mikononi mwa Marselina. Devotha alikuwa wa pili. Siku hiyohiyo mtoto alikuja ofisini, miguu ikiwa na tope la shambani, na ile karatasi ipo mezani, chini ya daftari la mahudhurio.

"Mwalimu, nimechaguliwa?"

"Jina lako sikuliona, mwanangu. Si wote tunaojaliwa."

"Haya, mwalimu."

Orodha haikubandikwa. Marselina aliwaita wazazi wa wengine mmoja mmoja akawaambia kwa mdomo. Alijiambia kwamba hata angesema kweli, Bundala angemzuia tu binti yake. Huenda. Lakini Januari maksai walikuja kama kawaida, naye akapanda mpunga, na mwaka huo akavuna vizuri kuliko miaka yote.

Mwaka jana, baada ya misa, mwanamke mmoja alimfuata nje ya kanisa. Mwalimu alimtambua kabla hajajitaja. Devotha alikuwa ameachana na mumewe, akimlea binti yake Happyness peke yake, na kwa miaka sita alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba ya wageni hapo Mikumi.

"Niliomba kazi ya mapokezi," alieleza. "Meneja akasema mapokezi panataka cheti cha kidato cha nne. Kisha akamweka kijana wa kiume ambaye naye hana cheti. Sasa nataka nifanye mtihani wa maarifa, ule wa sisi tuliokosa sekondari, ili niruhusiwe kufanya wa kidato cha nne. Unisaidie hisabati, mwalimu. Ila kichwa changu kizito, unanijua."

Mwalimu angeweza kunyamaza, alikuwa na uzoefu.

"Kichwa chako si kizito," alisema. "Ulichaguliwa. Jina nililiona, nikakuficha. Baba yako aliniomba."

"Nilipangiwa shule gani?" Devotha aliuliza.

Mwalimu akaitaja.

"Ilikuwa na bweni la wasichana?"

"Ilikuwa nalo."

Devotha aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia, akaondoka.

Jumapili tatu zilipita. Ya nne alifika nyumbani kwa mwalimu na daftari jipya, na Happyness, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nyuma yake. Hakutoa shikamoo. Alisema, "Habari za mchana," kama anavyosalimiwa mtu wa rika moja, na mwalimu akajibu, "Nzuri."

"Huyu amekua akijua mama yake alifeli," Devotha alisema. "Mwambie wewe."

Mwalimu akamwambia yote, akimtazama mtoto usoni. Happyness alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini ulimdanganya?"

Mwalimu alikuwa na majibu ya miaka mingi: ng'ombe walishakubaliwa, mila za watu, mzee asingesikia.

"Nilitaka kulimiwa shamba," alisema.

Devotha alivuta kiti, akafungua daftari, akasema waanzie kwenye hesabu za sehemu. Alikuja kila Jumapili kwa miezi minane. Alishika haraka, na kila jibu sahihi lilimkaa mwalimu kifuani. Mtihani aliufaulu. Mwalimu alizipata habari hizo kwa watu wengine, sokoni.